Kufunga mwamba wa pweza miezi mitatu: hasara anabeba nani, na tuamue vipi kwa haki?

Mchokoo (mwanzisha uzi)

Assalamu alaykum jamaa.

Shehia kadhaa (mitaa inayoongozwa na sheha) za Unguja na Pemba sasa hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi mitatu ili pweza wakue, halafu hufungua siku za bamvua, maji yanapotoka mbali kabisa. Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, ni miongoni mwa waliotangulia. Ukanda wetu huu mfano mashuhuri ulitoka Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, walipofunga eneo lao mwaka 2004. Upande wa elimu ya bahari hoja inaeleweka. Pweza hukua upesi mno na umri wake ni mfupi, kama mwaka mmoja na ushei. Jike hutaga mara moja tu, hukaa pangoni akilinda mayai bila kula, na yakishaanguliwa hufa. Ukimwacha miezi michache unavua mkubwa badala ya mtoto.

Ninachotaka tujadili ni kile ambacho elimu ya bahari haikijibu. Mwanafalsafa David Hume alionya tangu karne ya 18 kwamba kutoka kwenye "hivi ndivyo ilivyo" huwezi kuruka moja kwa moja hadi "hivi ndivyo ipasavyo" bila kuonyesha daraja ulilopitia. Mikutano yetu ya pwani huruka kila siku. Ofisa anaonyesha kwamba pweza watakuwa wakubwa, kisha papo hapo anasema "kwa hiyo tufunge". Hapo katikati pamepotea suali zima: nani atakosa kitoweo miezi hiyo mitatu, na nani atakula siku ya kufungua?

Tufanye hesabu ya mfano, namba ni za kufikiria. Shehia ina kina mama 40 wanaokwenda kwa miguu kuchokoa pweza mapangoni na vijana 20 wanaopiga mbizi. Miezi mitatu ina bamvua kama sita, na kila bamvua tuseme ina siku tano za kutembea mwambani, jumla siku 30. Mama hupata kilo 2 kwa siku, nusu yake kutoka eneo litakalofungwa. Hasara yake ni kilo 30. Mpiga mbizi ana chombo, anahamia mwamba mwengine, hasara yake kilo 20. Jumla ya hasara kijijini: kilo 1,200 za kina mama na 400 za vijana, yaani 1,600.

Mwamba unafunguliwa. Bamvua ya kwanza zinatoka kilo 2,400. Ripoti itaandika faida ya kilo 800, na watu watapiga makofi. Lakini wapiga mbizi wameondoka na kilo 1,600, kila mmoja 80. Kina mama wamegawana 800, kila mmoja 20. Kijana kapata kilo 60 juu ya alichokosa. Mama kapoteza 10. Watu 40 kati ya 60 wamefukarika ndani ya mradi unaoitwa wa mafanikio.

Anayehukumu kwa jumla peke yake, kama walivyofundisha wanafalsafa akina Bentham, ataridhika na zile 800. Anayemfuata mwanafalsafa John Rawls atauliza kwanza: yule aliye chini kabisa, hali yake imekuwaje? Naona shehia inapaswa kujibu suali la pili kabla ya kupiga kura, tena kwa maandishi. Karibuni.

Kojani_Mbizi

Waalaykumu salaam. Hesabu nimeifuata, lakini umewaweka kina mama na wapiga mbizi kama wanagombea pweza yule yule, na sivyo. Mwamba una uwanda wa juu, ambao maji yakitoka unabaki mtupu au magotini, na una ukingo unaoshukia kilindini. Mama hafiki ukingoni. Pweza aliyeko pima mbili chini, asipochukuliwa na mpiga mbizi, hachukuliwi na mtu siku hiyo. Ukisema "siku mbili za mwanzo waende wa miguu tu", pweza wa kilindini unawaacha bure, na usiku vyombo vya kutoka kwengine vitakuja kuwabeba.

Wagawiwe kwa kina, si kwa siku. Maji yakiwa yametoka kabisa siku ya bamvua, pigeni mambo, yaani vigingi, kufuata mstari wa maji ya kiuno. Ndani ya mstari ni wa miguu, nje ni wa miwani, yaani wapiga mbizi. Wote waingie siku moja.

bint_Wete

@Kojani_Mbizi mstari wa kina ni mzuri kwenye karatasi. Mambo yanasimama pale pale lakini maji hayasimami. Saa mbili baada ya maji kuanza kujaa, ule uwanda wa mama umeshakuwa maji ya kifua, na mpiga mbizi anaogelea juu yake na miwani yake. Mama keshatoka, hana wa kumzuia. Kwa hiyo kanuni yenu lazima iseme: ndani ya mambo hakupigwi mbizi wakati wowote, maji yakiwa yametoka au yamejaa, mpaka bamvua ya kwanza iishe. Bila ya sentensi hiyo, mgao wenu umekufa siku hiyo hiyo.

Na siku mbili za mwanzo zina faida moja ambayo mstari hauna: bei. Siku ya kufungua pweza hujaa dikoni, pale vyombo vinaposhusha, mchuuzi anashusha bei mchana huo huo. Atakayeingia wa kwanza anauza kabla haijaanguka.

Mchokoo

Nyote wawili mmegusa pazuri, na njia zinaweza kuunganishwa: mstari wa kina kwa bamvua nzima, na siku ya kwanza ya miguu peke yao. Kwa mfano wangu, tuseme hilo linawapa kina mama kilo 1,400 na vijana 1,000. Mama anapata 35, ametoka na ziada ya 5. Kijana anapata 50, ziada 30. Jumla ya faida bado ni zile zile 800. Ukitazama jumla tu huoni tofauti yoyote baina ya mipango hii miwili, na ndiyo maana nasema kipimo cha jumla ni kipofu kwa jambo hili.

Rawls haombi watu wagawiwe sawasawa. Kijana bado anapata zaidi. Sharti lake ni kwamba tofauti hiyo iwe na manufaa kwa aliye chini, na kugharamia mafuta ya chombo cha doria ya kulinda mwamba na kufika kilindini ni sababu ya kweli ya kijana kupata zaidi. Kumfanya mama alipie ongezeko la mwenziwe si sababu.

Takwimu_Dikoni

Kabla hamjaendelea na falsafa ya mgao, ipo wajibu wa mwanzo: usiwafungie watu riziki yao kwa jambo ambalo hutaki kulipima. Ukiwaomba wavumilie miezi mitatu, unawadai ushahidi, nao wanakudai.

Kosa la kawaida ni kusifu kilo za siku ya kufungua. Siku ile watu wanakuja wengi kuliko siku nyengine, hata mwamba ambao haukufungwa ungetoa kilo nyingi ukivamiwa hivyo. Pimeni kilo kwa mtu kwa saa. Kila anayetoka mwambani aandikwe: ameingia saa ngapi, ametoka saa ngapi, pweza wangapi, uzito wa kila mmoja. Fanyeni hivyo bamvua mbili kabla ya kufunga, na bamvua mbili baada ya kufungua. Siku hizo hizo pimeni mwamba wa jirani uliobaki wazi, maana msimu peke yake hupandisha na kushusha pweza. Mkikosa mwamba wa kulinganishia, hamtajua kama ni kufunga au ni msimu wa kaskazi.

Mambo yanayoharibu daftari: mmoja anapimiwa pweza mzima, mwengine keshamtoa matumbo, mizani mbili ambazo hazijalinganishwa na jiwe moja, na wadogo kufichwa kwenye ndoo kwa aibu. Kwa hili la mwisho, muandishi awe mtu asiyeweza kumtoza mtu faini. Ukimuweka askari wa doria kwenye mizani, wadogo hutawaona.

Maalim_Chake

Assalamu alaykum warahmatullah. Naomba niingize upande wa fiqhi, kwa sababu kwetu watu wengi wanapima haki kwa mizani hiyo na hawakosei.

Kuna kanuni tatu zinazohusu moja kwa moja. Ya kwanza, "la dharara wala dhirar": hapana kujidhuru wala kudhuriana. Mpango unaomtajirisha mmoja kwa kumpunguzia chakula mwenziwe asiye na kosa unaanguka hapa hata kama jumla imeongezeka. Ya pili, kuondoa madhara hutangulia kuleta manufaa. Kwa hiyo ile hasara ya kilo 10 ya mama wa mfano inashughulikiwa kwanza, ndipo tuzungumze ziada. Ya tatu ni hima, yaani eneo kuzuiliwa kwa maslahi ya wote. Sharti la hima ni kuwa maslahi hayo kweli yawe ya wote. Wakubwa wakijizuilia kwa ajili yao, jina la hima haliwafai.

Pemba tuna mfano wa kisiwa cha Misali, kilichohifadhiwa mwaka 1998, ambako mafundisho ya dini yalitumika kuzungumza na wavuvi juu ya uharibifu wa bahari. Yalisikika kwa sababu yalisemwa kwa lugha ya watu wenyewe. Natahadharisha jambo moja: khutba haichukui nafasi ya shura, yaani kushauriana. Kumwambia mama "subiri, subira ina malipo" huku hajaulizwa ni kumnyamazisha kwa dini.

Jengine ni pesa za dalali. Mwamba ukifungwa, dalali hupita majumbani akitoa pesa za mbele kwa pweza watakaotoka siku ya kufungua, kwa bei aliyoipanga yeye. Samaki aliyeko baharini bado hajawa mali ya mtu, kumuuza ni gharar, biashara ya kubahatisha. Wengine hutetea kwa kusema ni bei ya salam, ya kulipa kwanza na kupokea bidhaa baadaye. Salam inataka aina, uzito, siku na bei vijulikane, na bidhaa isifungamanishwe na shamba moja mahsusi, kwa sababu shamba hilo likikosa, muuzaji ameangamia. Pweza wa mwamba huu mmoja ndio mfano wenyewe.

bint_Wete

Ahsante Maalim. Na hata asiyetaka hoja ya dini ataliona tatizo: aliyekubali bei huku watoto wanasubiri chakula hakuwa huru kukataa. Saini ipo, ridhaa haipo.

Dawa yake si kupiga marufuku tu, kwa maana anayehitaji pesa atazichukua gizani. Kamati iweke mfuko wa kukopesha bila riba kabla ya kufunga. Tozo ya shilingi 500 kwa kilo, kwa zile kilo 2,400 za mfano, ni shilingi 1,200,000. Hizo ndizo mtaji wa kukopesha duru inayofuata. Duru ya kwanza ndiyo ngumu kwa sababu mfuko ni mtupu, basi duru ya kwanza fungeni eneo dogo. Robo ya mwamba isizidi, na isiwe ile robo iliyo karibu na kijiji, wanakokwenda vikongwe na wajawazito.

Kalenda nayo ni suala la haki. Anayefunga afungue kabla ya Ramadhani au Idi, si katikati ya matumizi. Na kwa kuwa miezi ya kiislamu hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, tarehe za mwaka jana hazinakiliwi. Pemba ikiwezekana kufungwe karafuu zikiwa zinachumwa, kwa sababu kibarua cha kuchuma na kuchambua kinaziba pengo. Mpaka hapo mama ana pa kushika.

Mwani_Paje

Mimi nauliza juu ya mkutano wenyewe. Sheha anaita watu, wanakuja wanaume 50 na kina mama 15 wamekaa nyuma. Anauliza "mmekubali?" Kimya. Anaandika "wamekubali kwa kauli moja". Hapo falsafa inasemaje?

Mchokoo

@Mwani_Paje inasema kimya si kura. Na kuna njia za kufanya, hazina gharama.

Siku ya mwanzo kina mama wakae peke yao, kwa saa ambayo maji yamejaa. Mkutano ukiitwa maji yakiwa yametoka, wao wako mwambani. Wawe na muandishi wao wa kike. Ombeni vitu viwili tu: eneo gani lisiguswe, na hasara gani hawawezi kuibeba. Wapiga mbizi nao vivyo hivyo.

Siku ya pili mkutano wa wote, na hapo tumieni zoezi linalotokana na Rawls mwenyewe, lile la kuamua bila ya kujua wewe utakuwa nani. Andikeni vikaratasi vitano: mama anayechokoa ana watoto wanne na hana mume, kijana wa miwani, mchuuzi, mvuvi wa shehia jirani, mtoto ambaye ataanza kuvua miaka kumi ijayo. Kila mjumbe anachota kimoja bila kutazama, na kwa nusu saa anatetea mpango kwa nafasi ya aliyemchota. Mchuuzi akichota mama, lazima aseme atakula nini wiki ya tatu. Zoezi huharibika kwa njia mbili: watu wakiruhusiwa kubadilishana vikaratasi, na mwenyekiti akianza kwa kutoa rai yake. Mwenyekiti azungumze mwisho.

Kura ipigwe kwa siri. Chungu kiwe nyuma ya pazia, kila mtu ana punje ya kunde na punje ya choroko: kunde ni kufunga, choroko ni kutofunga. Wa miguu na wa miwani wawe na vyungu mbali mbali, na mpango upite ukikubaliwa na vyungu vyote viwili. Bila hivyo kundi lenye watu wengi mkutanoni litaliamulia jengine.

Kojani_Mbizi

Vyungu viwili nakubali, maana na sisi wa miwani mara nyengine ndio wachache. Lakini jirani hamjamfikia. Wavuvi wa dago, yaani wageni wanaopiga kambi pwani, wanakaa miezi, bahari hii wameijua toka kwa baba zao, na hamna chungu chao. Kisha mnawakamata.

Takwimu_Dikoni

Hapo elimu ya bahari ina la kuchangia. Faida ya kufunga iko ya aina mbili. Pweza kuongezeka uzito ni faida inayobaki pale pale, kwa sababu pweza aliyekwisha kukaa pangoni haendi mbali. Faida ya uzazi haibaki: vitoto vikianguliwa huelea na mkondo kabla ya kukaa chini, na vinaweza kutua mwamba wa shehia nyengine. Kwa hiyo uzito mnaweza kudai ni jasho lenu. Kizazi hamuwezi, na vitoto mnavyovuna vimetoka kwa wengine pia.

Maalim_Chake

Maneno hayo yanasaidia sana. Hadithi ya watu kushirikiana katika maji, malisho na moto hutajwa na wenye dago kama hoja yao, na msingi wake ni mzito. Lakini aliyevumilia miezi mitatu ana haki ya kutangulia kwa kile alichokivumilia. Rai yangu: wa dago wajulishwe kabla ya kufunga, wazungumze kabla ya kura, na waingie kuanzia bamvua ya pili kwa masharti yale yale ya wenyeji. Aliyeshiriki doria aingie ya kwanza, hata kama hakuzaliwa hapo.

Mwani_Paje

Na adhabu? Wiki mbili za mwisho ndizo za wizi, pweza wameshakuwa wakubwa na kila mtu anajua.

Mchokoo

Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza jamii zilizomudu kusimamia mali ya pamoja, kinyume na Garrett Hardin aliyedhani mwaka 1968 kwamba mali isiyo na mwenyewe lazima iangamizwe. Moja ya mambo aliyoyakuta kwenye jamii zilizodumu ni adhabu inayopanda ngazi. Ya kwanza iwe nyepesi, ili mtu arudi kundini.

Kwa mwamba: kosa la kwanza, pweza wanauzwa mbele ya watu na pesa zinaingia mfukoni, jina linaandikwa. La pili, hukosa bamvua ya kufungua. La tatu, kesi inakwenda kwa ofisa uvuvi. Faini, ikitozwa, isiwe bei moja kwa wote. Shilingi 50,000 kwa mama aliyekutwa na pweza wawili ni chakula cha nyumba, kwa chombo kilichobeba kilo 30 ni gharama ya safari. Aristotle alisema haki ya mgao huenda kwa uwiano, na kwa faini rai yangu ni hiyo hiyo: mara mbili ya thamani ya kilichokutwa, na chombo kikiwemo, chombo kishikwe hadi faini ilipwe.

Doria iongezwe wiki hizo mbili, hasa maji ya usiku, na walinzi walipwe kutoka kwenye tozo. Mlinzi wa bure mwenye njaa, mkimwachia mwamba wenye pweza wa kilo tatu tatu, mnamtega.

bint_Wete

Nyongeza kwenye ngazi ya kwanza: kabla ya kuandika jina, aulizwe kwa nini. Mkikuta watatu wanne wa kina mama wanasema nyumbani hakuna kitu, tatizo si wizi, ni kwamba mfuko wa mikopo haukufika kwao au eneo mlilofunga ni kubwa mno. Kamati ikae wiki hiyo hiyo, iangalie kufungua kipande. Liandikwe kwenye sheria ndogo tangu mwanzo, kwamba wajumbe watatu wa kike wakitaka kikao cha dharura kiitwe ndani ya siku tatu. Na daftari la makosa lisomwe mkutanoni kila bamvua, pamoja na majina ya wajumbe wa kamati waliokamatwa, kama wapo.

Kojani_Mbizi

Na barafu. Siku ya kufungua iwepo dikoni tangu alfajiri, kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya pweza, na wachuuzi wasiopungua watatu walioalikwa wiki moja kabla. Mchuuzi akiwa mmoja na barafu hakuna, mama atauza kwa bei yoyote kabla ya adhuhuri, na hesabu zote za Mchokoo zitakuwa za kilo tu, pesa zimekwenda kwa mtu mwengine.